Uchaguzi wa Sebuleni

Kosa la Gaspari lilikuwa ndani ya kopo, lilikuwa la kijani, na alilibeba begani yeye mwenyewe kutoka dukani kwa Makame hadi nyumbani, akipiga mluzi njia nzima.

Na kwa nini asipige mluzi? Tangu wakimbizi wajae kambi ya Benaco, ndizi za Ngara zilikuwa zimepata heshima ambayo wazee hawakupata kuiona. Magari ya mashirika yalisimama kando ya barabara, wazungu wenye vumbi hadi kwenye kope wakashuka, wakanunua mikungu bila hata kubishana. Kwa mikungu hiyo Gaspari alijenga nyumba ya matofali, akaezeka bati, akapiga lipu sebule nzima. Ilikuwa sebule ya kwanza yenye lipu ya sementi kitongojini kwao, na watu walikuwa wakija kuipapasa tu. Sasa ilibaki rangi. Jumapili wangefika wakwe kutoka Nyamigogo, kule Biharamulo, kuja kumposa binti yake Adelfina. Gaspari alitaka waingie, waketi, watazame ukuta, kisha wameze mate.

"Mama Adelfina!" aliita hata kabla hajafika uani. "Njoo umwone mumeo!"

Speciosa alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga. Alilitazama kopo. Alikitazama kile kidoa kilichopakwa juu ya kifuniko ili mnunuzi ajue kilichomo. Halafu akamtazama mume.

"Kijani," alisema.

"Kijani! Makame anasema ndiyo rangi ya watu wenye ofisi."

"Mimi nina ofisi?"

"Si lazima uwe nayo, Mama Adelfina. Ni heshima tu."

"Asubuhi niko kwenye migomba. Kijani. Mchana nahamia kwenye mihogo. Kijani. Jioni nawakatia mbuzi majani. Kijani. Sasa nikiingia ndani kupumzika, niangalie kijani tena? Baba Adelfina, ulioa mke au ulinunua ng'ombe?"

Nyuma ya mlango, Adelfina aliuma pindo la khanga ili kicheko kisimtoroke. Gaspari alilishusha kopo chini taratibu. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Ukweli ni kwamba alikuwa amesahau. Zamani, walipokuwa wakikaa kwenye nyumba ya udongo, Speciosa ndiye aliyekuwa akisiriba kuta kwa viganja vyake, samadi na majivu, na kila mvua kubwa ikipita anaanza upya. Siku moja Gaspari, kijana bado na mapenzi yamemjaa kichwani, aliishika ile mikono yenye matope akasema, "Nikijenga ya sementi, sebule ni yako. Rangi utasema wewe. Mimi nitabeba kopo tu." Ahadi ni deni, lakini Speciosa hakuwahi kumdai. Aliingoja. Na katika kungoja huko alishachagua zamani: samawati, ileile ya joho la Bikira Maria pale kanisani, ambalo alikuwa akilitazama kila Jumapili huku padri akidhani anasikiliza mahubiri. Katika nyumba ile hakuna jambo jingine alilowahi kuahidiwa kulisemea yeye. Sasa hilo moja lilikuwa limekuja nyumbani begani, limeshaamuliwa.

Hakugombana. Aliingia jikoni, na kuanzia jioni ile hakumsemesha mumewe neno. Alipokuwa na la kusema alimpitishia mama mkwe, Bibi Ildefonsa, hata kama Gaspari ameketi hapo hapo.

"Mama, mwambie mwanao maji ya kuoga yako tayari."

"Gaspari, maji ya kuoga yako tayari."

"Mama, mwambie nimesikia."

"Kasikia," alisema Bibi Ildefonsa, na akaendelea kumenya ndizi zake. "Ukuta ni ukuta. Mimi ninachotaka kujua ni kimoja, hao wageni watakula nini?" Hakuna aliyemjibu, na hilo ndilo lililokuja kuwaponza.

* * *

Asubuhi Gaspari alipaka ukuta wa upande wa dirisha. Alipaka kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kosea, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto, akatangaza kwa sauti kuwa umependeza. Kisha akaenda kuangalia ndizi zake.

Speciosa alimshika jogoo wake mwekundu, akambebesha Adelfina mkungu, wakashika njia ya dukani.

Makame alikuwa nyuma ya kaunta, kofia yake ya kiua kichwani. Babu yake ndiye aliyetoka Tanga kuja Ngara na mzigo wa chumvi na nguo, na familia haikurudi tena, ila Kiswahili walibaki nacho kama walivyokuja nacho.

"Karibu, bibie. Bwana wako jana kachukua kijani hapa."

"Najua, Mzee Makame. Mimi nachukua samawati."

Makame alimtazama yeye, akamtazama jogoo. "Kwa nyumba ileile?"

"Nyumba ni moja. Watu ni wawili."

"Lahaula." Alilishusha kopo kutoka rafuni. "Basi nikwambie, bibie, maana mimi si mtu wa kuuza nikanyamaza. Kopo moja halimalizi sebule yenu. Na ukiondoa hili, hapa nimebakiwa na moja la kijani na moja la samawati, basi. Jumamosi alasiri linakuja lori la shirika kuyazoa yote. Mkipatana, wahini. Msipopatana, mtakaa na sebule yenye viraka."

Speciosa alirudi, akapaka ukuta unaotazamana na ule wa kijani. Hakutumia brashi, maana brashi Gaspari alikuwa ameificha. Alitumia kitambaa na kiganja, kama alivyozoea, na ukuta ukatoka laini hata inzi angeteleza.

Gaspari aliporudi na kusimama mlangoni, aliupata wote kwa mara moja: kulia kijani, kushoto samawati, na kuta mbili tupu za sementi zikingoja kuambiwa zifanye nini.

"Mama!" alipiga kelele, ingawa aliyemkusudia hakuwa mama yake. "Mwambie huyu anataka wakwe wadhani tunaishi kambini! Pale Benaco mlima mzima ni maturubai ya samawati! Watu wakiketi hapa watauliza msaada unagawiwa saa ngapi!"

"Mama," alisema Speciosa, "mwambie mwanao kwamba mtu anayefuga maharage yasiyoliwa hana la kunifundisha."

Hapo alimgusa pabaya. Juu ya mlango wa chumbani kulikuwa na mkebe wa kahawa uliokuwa nongwa ya nyumba nzima. Ndani yake mlikuwa na maharage makubwa yenye madoa meusi na meupe kama manyoya ya kanga, mbegu ambayo Speciosa alikuja nayo kutoka kwao Kaniha, kulekule Biharamulo, alipoolewa, imefungwa kwenye pindo la khanga. Udongo wa Ngara haukuipenda. Mwenyewe Speciosa alishakata tamaa nayo zamani. Ila Gaspari, kila msimu, aliipanda kidogo nyuma ya zizi la mbuzi, akavuna kiasi cha kujaza kiganja, akairudisha kwenye mkebe. Hakuna aliyeruhusiwa kupika hata moja. "Yatakuwa mengi," alisema kila mwaka. "Ngojeni." Watoto walikua wakingoja.

Gaspari aliutupia jicho mkebe wake. Akatoka nje. Bibi Ildefonsa akauliza tena wageni watakula nini.

* * *

Habari ya sebule yenye nyuso mbili ilifika barabarani haraka kuliko gari. Watu wakaanza kuja. Walisimama mlangoni wakigeuza shingo, huku na huku, huku na huku, na kila aliyegeuza shingo aliondoka na maoni. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa vyama vingi, kwa hiyo wapo waliotaka kujua kila rangi ni ya chama gani, na wapo walioapa kuwa Gaspari amelipwa. Bibi mmoja alisema kijani kinavuta nyoka. Mwingine akasema samawati inavuta mvua, na bati jipya lile litapiga kelele. Vijana walianza kuwekeana dau la chupa za soda. Speciosa, ambaye alikuwa amekusudia kukasirika wiki nzima, alijikuta mara mbili akigeukia ukuta ili asionekane anacheka.

Ndipo, Ijumaa asubuhi, akaja Alfonce. Huyu jirani alikuwa ametoka kwenye semina ya uchaguzi, akarudi na fulana, kalamu, na ugonjwa wa kusimamia. Tangu arudi alikuwa hajapata cha kusimamia.

"Ndugu zangu," alisema akiwa katikati ya sebule, mikono nyuma, "ugomvi wa namna hii dawa yake ni moja. Kura. Ya siri, huru, na ya haki."

"Ya nini?" aliuliza Gaspari.

"Mahindi ni kijani. Maharage ni samawati. Mtu anaingia humu peke yake, anatazama kuta, anachukua punje moja, anaitumbukiza kwenye chungu. Hata asiyejua kusoma anapiga. Kesho saa sita mchana tunahesabu hadharani. Atakayeshinda anakimbia kwa Makame, jioni mnapaka, Jumapili wakwe wanakuta nyumba ina kauli moja."

Gaspari alikubali haraka, kwa sababu alikuwa na pipa la rubisi, pombe ya ndizi, na alijua watu wa kwao. Speciosa naye aliitikia kwa kichwa. Alijua anaweza kushindwa. Lakini angalau kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemuuliza, hata kama aliyeuliza ni Alfonce.

Ijumaa ile hapakuwa na kazi iliyofanyika. Watu walipanga foleni uani kama ya mgao wa mafuta, wakisukumana na kuchekeana. Gaspari alipita na kata ya rubisi akisema, "Kunywa ndugu yangu, mahindi yana nguvu, eh?" Bibi Ildefonsa alitangaza kuwa yeye hapigi kura ya ukuta, akaenda kulala mchana, akaamka jioni, akala, akalala tena.

Zamu ikamfikia Nimpaye. Alikuwa Mrundi wa kambini aliyekuja kumsaidia Speciosa kulima siku za soko, mtoto mgongoni. Alfonce alimwekea mkono mbele.

"Mkimbizi hapigi kura. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Huko kwenye serikali yako," alisema Speciosa. "Hii ni sebule yangu. Pita, Nimpaye."

"Apite, apite!" alisema Gaspari akichangamka, maana aliona mtaji. "Huyu ndiye shahidi wangu. Nimpaye, waambie hawa. Wewe umekaa chini ya turubai la samawati mwaka mzima. Si rangi ya tabu ile?"

Nimpaye alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Hakuwa mwepesi wa kusema mbele za watu.

"Lile turubai tulipewa mvua inanyesha, Mzee. Jua likitoka, mle ndani panakuwa samawati yote, hadi viganja. Huyu alizaliwa humo. Rangi ya kwanza kuiona ni hiyo." Alifikiri kidogo. "Sijui kama ni ya tabu. Mwenye nyumba akiipenda, si aipate?"

"Mwenye nyumba mimi naipenda kijani," alisema Gaspari akijigusa kifua.

"Mimi nilidhani mwenye nyumba ni Mama," alisema Nimpaye bila ubishi wowote, akimwonyesha Speciosa kwa kidevu. "Wewe kila nikija uko barabarani na ndizi."

Uani palilipuka kicheko. Hata wanywaji wa rubisi yake walicheka, na hao ndio waliomuuma zaidi. Gaspari alijaribu kucheka nao, kicheko kikakataa kutoka. Alitazama mikono ya Speciosa. Kwenye kucha kulikuwa na rangi ya samawati iliyokaukia, na alipoiona akakumbuka matope. Akakumbuka na maneno yake mwenyewe, yote, pamoja na lile la kubeba kopo.

Alikuwa wa mwisho kupiga kura. Kwanza aliingia chumbani kwake, akatoka. Kisha akaingia sebuleni na kukaa muda mrefu hadi Alfonce akapaza sauti, "Mpiga kura asihamie kituoni!"

Jua likazama. Alfonce alikifunika chungu kwa kawa, akaizungushia kamba ya mgomba, akauliza ni mlango upi wenye kufuli. Mlango wenye kufuli ulikuwa mmoja tu, wa jikoni, kwa sababu ya wezi wa masufuria.

"Basi kura zilale jikoni," alisema Alfonce kwa uzito, na hakuna hata mmoja aliyeona ubaya wake.

* * *

Bibi Ildefonsa aliamka kabla ya wote, kama kawaida yake, akachukua ufunguo chini ya jiwe, akafungua jikoni.

Jumamosi hiyo Gaspari na Speciosa walikwenda shambani mapema, kila mmoja kwa njia yake. Jua lilikuwa limepanda vizuri waliposikia honi barabarani. Lori la chakula cha msaada lililotoka upande wa Biharamulo kwenda Benaco lilikuwa limesimama, na kutoka juu ya magunia walikuwa wakishuka watu wenye nguo za heshima na vumbi la kutosha kusiribia nyumba. Mbele yao alikuwa mzee mwenye koti na fimbo, Mzee Frednand, mshenga. Nyuma yake kijana Anastazi, mposaji mwenyewe, akijipangusa suruali. Walikuwa wamepata lifti. Nani anakataa lifti? Walifika siku moja kabla.

Speciosa alikimbia kupitia migomba. Gaspari alikimbia kupitia mihogo. Walikutana mlangoni, wote wanahema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kopo wakasahau kwamba hawasemeshani.

"Wamefika!"

"Nimewaona!"

"Sebule!"

"Chakula!"

"Chakula kipo," ilisema sauti ya Bibi Ildefonsa kutoka jikoni, imetulia kabisa. "Nimepika tangu alfajiri. Nyumba hii bila mimi mngeaibika."

Waliingia. Moshi, harufu nzuri, chungu mekoni, na mwiko mkononi mwa bibi. Kwenye sakafu ilikuwa kamba ya mgomba.

"Mama," alisema Speciosa polepole, "hicho chungu..."

"Nilikikuta. Mahindi na maharage yamechanganywa, yamefunikwa, yanangoja. Nikasema, afadhali mkwe wangu kakumbuka makande ya wageni, ila kasahau maji. Na yalikuwa machache, aibu! Nikaongeza kibaba cha mahindi na vibaba viwili vya maharage."

Mlangoni palikuwa na mtu. Alikuwa Alfonce, na kalamu yake, na fulana yake ya semina, amekuja mapema kujiandaa kuhesabu.

"Umeongeza kura?" aliuliza, sauti imekauka.

"Na chumvi," alisema Bibi Ildefonsa.

Alfonce aliketi juu ya kinu. Speciosa alijishika mbavu. Alitaka kulia, maana sauti yake pekee katika nyumba ile ilikuwa inachemka na vitunguu, lakini kicheko kilikuwa njiani kabla ya machozi na kikapita chenyewe. Alicheka hadi akashikilia ukuta. Ajabu ni kwamba Gaspari hakucheka. Alimpokonya mama yake mwiko na kuanza kukoroga, akichungulia, akipindua, akikoroga tena, jasho linamdondoka.

"Unatafuta nini humo?"

"Hakuna."

"Baba Adelfina, toka jikoni. Mwanaume anachezea chungu, wakwe wanakuona!"

Na kweli walikuwa wanamwona.

* * *

Wageni waliketi. Walitoa shikamoo na kuitikia marahaba, wakaulizana habari za safari, za mvua, za ndizi. Kisha Mzee Frednand alitazama kulia. Alikaa na kijani kwa muda. Akageuka kushoto, akakaa na samawati. Akatazama nyuma, sementi. Akatazama mbele, sementi.

"Nyumba nzuri," alisema mwishowe. "Ina mawazo mengi."

Shangazi mmoja wa mposaji alimwinamia mwenzake na kumnong'oneza, na mwenzake akaficha mdomo. Gaspari aliona aibu ikimpanda kutoka kwenye nyayo. Adelfina, aliyeingia na maji ya kunawa, alitamani sakafu ifunguke. Lakini Anastazi hakuwa ameona ukuta wowote tangu binti aingie, na ukimuuliza hadi leo atakwambia sebule ilikuwa nyeupe.

Makande yakapakuliwa. Mshenga alipewa sahani iliyojaa kuliko zote, iliyotolewa chini kabisa ya chungu ambako ndiko kuna utamu. Watu wakala. Alfonce alikuwa amesimama pembeni akizitazama sahani kwa huzuni, mtu anayeona matokeo yakipotea kijiko baada ya kijiko.

Ghafla Mzee Frednand akaacha kutafuna. Alichokora kwenye sahani kwa kidole, akainua kitu, akakisogeza karibu na jicho. Lilikuwa harage moja, kubwa mara mbili ya mengine, madoa yake yamefifia kwa moto lakini bado yanaonekana.

"Hili mmelitoa wapi?" aliuliza, na uso wake ulikuwa umekuwa wa kijana. "Hili ni la Kaniha! Mama yangu alikuwa akiyapanda haya. Sijayaona tangu tumzike. Ngara mnayo?"

Speciosa, aliyekuwa mlangoni na jagi, aliliweka chini. Alikuja hadi kwa mgeni, akapiga magoti kwa adabu, akalitazama lile harage. Halafu akamtazama mumewe, ambaye alikuwa akiutazama ukuta wa kijani kama ndiyo kwanza anauona.

Katika Ngara nzima maharage yale yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye mkebe juu ya mlango wa chumbani, na mtu aliyeruhusiwa kuufungua alikuwa mmoja. Na maharage yalikuwa samawati.

"Baba Adelfina," alisema. "Wewe?"

"Kura ni siri!" alipiga kelele Alfonce.

"Siri gani tena, Alfonce, mzee kaishika mkononi," alisema Gaspari. Alijikuna kichwa. Mbele ya wakwe, mbele ya mama yake, mbele ya majirani waliokuwa wamejaa dirishani, hakuwa na pa kukimbilia. "Nilitaka uione tukihesabu. Kusema kwa mdomo kulinishinda. Nikasema, akiliona hilo harage ataelewa mwenyewe. Halafu Mama akapika."

"Mnazungumza nini?" aliuliza mshenga.

Ikabidi aelezwe. Alianza Gaspari, akasaidiwa na Adelfina, akakosolewa na Alfonce, na dirishani wakaongeza chumvi. Habari ilipofika kwenye vibaba viwili vya maharage, Mzee Frednand alikuwa ameshaweka sahani chini na anafuta macho kwa mkono wa koti. Shangazi wa kunong'ona alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Hata Bibi Ildefonsa alicheka, ingawa aliendelea kusema kuwa yeye haoni kosa lake, chungu kina mahindi na maharage, mngetaka afanye nini, ayahesabu?

"Basi mmetulisha uchaguzi mzima," alisema mshenga. "Sijawahi kushiba hivi. Lakini hili harage si langu." Alilipokeza kwa mikono miwili. Speciosa alilipokea kwa mikono miwili pia.

Miaka yote hiyo nyumba ile ilikuwa imekatazwa kuonja hata punje moja. Speciosa alilitia mdomoni, akalitafuna polepole, amefumba macho. Sebule nzima ilimngoja.

"Vipi?" aliuliza Gaspari, sauti ndogo. "Ndiyo ladha yake?"

"Chumvi imezidi," alisema Speciosa, na chozi moja likamtoka, akalifuta kwa mgongo wa mkono, akacheka.

Mzee Frednand aligonga fimbo sakafuni. "Sasa mimi nina jambo la kusema katika nyumba hii, lakini siwezi kulisema kwenye sebule ambayo haijaamua. Mwenye nyumba, rangi ni ipi?"

Watu wote walimgeukia Gaspari. Gaspari alisimama, akajinyoosha koti ambalo hakuwa amelivaa, na akasema maneno ambayo alipaswa kuyasema kabla hajaingia dukani kwa Makame.

"Muulizeni mwenye sebule."

Hata kuku walionekana kungoja. Speciosa aliinuka. Alitazama ukuta wake, akatazama ukuta wa mumewe, akazitazama zile mbili tupu, bila haraka yoyote, kama mtu aliye kwake.

"Samawati," alisema. "Zote. Isipokuwa ule wa dirishani. Ule wa kijani usiguswe hata kidogo. Siku akisahau tena, sitapoteza maneno, nitamwonyesha kwa kidole."

Dirishani walishangilia. Alfonce, kwa kukosa la kufanya, alitangaza matokeo.

"Na wewe mbona bado umesimama?" Speciosa alimwambia mumewe, uso kwa uso, bila kumpitishia mama yeyote. "Lori linakuja kwa Makame alasiri. Mimi nimeshasema rangi."

"Na mimi nabeba kopo," alisema Gaspari.

Alitoka mbio mbele ya wakwe zake, mtu mzima na heshima zake, ndala moja ikabaki kizingitini. Sahani hazijaondolewa bado, mluzi wake ulikuwa umeshafika barabarani.